Tunaombea Cheo, Hatuombei Ujuzi

Kila mkesha wa Mwaka Mpya washarika huandika maombi yao kwenye karatasi ndogo na kuziweka katika kikapu mbele ya altare. Safari iliyopita nilikaa nazo ofisini nikazisoma moja moja. Nyingi ziliomba jambo lilelile: kupandishwa cheo, kuhamishiwa ofisi kubwa, kupata nafasi yenye maslahi. Sikuona hata moja iliyosema: Bwana, nisaidie niijue vizuri kazi yangu. Sikuwalaumu walioandika. Nilijilaumu mimi na wahubiri wenzangu, maana hayo ndiyo tuliyowafundisha.

Kwa miaka mingi sasa mahubiri ya "mwaka wa kuinuliwa" yameingia hata katika sharika zetu za Kilutheri. Tunawaambia watu watoe sadaka ya pekee, wapakwe mafuta, kisha wangoje. Mtu anatoka kanisani akiamini kwamba bosi wake ni kizuizi cha kiroho na kwamba mwenzake aliyepanda ametumia hila. Jumatatu anarudi kwenye meza ileile, na mwongozo wa kazi yake bado hajaufungua. Nasema bila kuuma maneno: hiyo ni bahati nasibu iliyovishwa joho.

Shahidi tunayempenda ni Yusufu. Tunahubiri ile siku moja aliyotolewa gerezani akasimama mbele ya Farao, na tunairuka miaka iliyotangulia. Alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, na miaka 30 alipoanza kumtumikia Farao (Mwa. 37:2, 41:46). Katikati hapo alisimamia nyumba ya Potifa, kisha akasimamia shughuli za gereza. Alipokabidhiwa ghala za Misri, kutunza mali ya mtu mwingine hakukuwa jambo geni kwake. Na cheo chenyewe kilikuwa cha nani? Mwisho wa habari yake anawaeleza ndugu zake kwamba Mungu alikuwa akiokoa maisha ya watu wengi (Mwa. 50:20). Yusufu alipanda ili wenye njaa wale. Sehemu hiyo haimo katika mahubiri ya mkesha.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuona haya. Katika siku za Luther, neno wito lilihesabiwa kuwa mali ya mapadre na watawa. Mwaka 1520 aliwaandikia watawala wa Ujerumani kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi yake, na wote ni makuhani mbele za Mungu. Kila mmoja kwa kazi yake awafae wengine. Mwaka 1524 akawaandikia viongozi wa miji wafungue shule, kwa kuwa mji hauendeshwi na wasiojua. Kwa mafundisho hayo, Mungu humfikia jirani kwa mikono ya anayeshona, anayejenga na anayetibu. Basi fundi asiyetaka kujifunza anamkosea jirani, hata kama anakesha katika maombi.

Tazameni hospitali yetu ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mtoto anayezaliwa bila kupumua anahitaji msaada ndani ya dakika moja ya kwanza: akaushwe, asuguliwe mgongo, na akishindwa bado, apewe hewa kwa kifaa cha mkono. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walifundishwa jambo hilo kwa siku moja. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipotazama leba yenyewe, hawakuona badiliko katika namna watoto walivyohudumiwa. Mafunzo yalitolewa, ila hayakufika kitandani. Kuanzia 2011 wakabadili njia: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua, kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000. Hakuna aliyehitaji cheo kipya ili kurudia zoezi lile. Alihitaji kukubali kwamba bado anajifunza.

Habari hiyo inawagusa pia wale wanaodhani wamejinasua kwa sababu wao wanasoma. Wapo wanaokusanya vyeti kama stempu: semina hii, kozi ile, shahada juu ya shahada, na mteja anayesubiri dirishani haoni tofauti. Mimi ni mmoja wao. Niliporudi chuoni kwa shahada ya pili, nilifurahia zaidi jinsi jina langu litakavyotajwa kwenye matangazo kuliko nilivyofurahia kuielewa Injili. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada akaniuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, tangu umerudi tunasikia maneno magumu zaidi. Je, na sisi umetuletea nini?" Nilikosa jibu. Nikamkumbuka Apolo, mhubiri hodari wa Maandiko, aliyekubali kuelekezwa na Prisila na Akila, mafundi wa mahema (Mdo. 18:24–26). Yeye alikubali, mimi nilinuna wiki nzima.

Najua litakaloulizwa: je, kutaka mshahara mzuri ni dhambi? La. Mtenda kazi anastahili ujira, Bwana mwenyewe amesema (Lk. 10:7). Na wapo wenye ujuzi mkubwa wasiopanda kwa sababu ya rushwa na upendeleo. Hao tusiwaambie wamepungukiwa imani. Tusimame nao, tuseme wazi kwamba wanadhulumiwa. Lakini tuanze nyumbani. Usharika nao ni mwajiri. Mwalimu wetu wa chekechea, mlinzi wetu, mwinjilisti wetu: ni lini mara ya mwisho baraza la wazee lilitenga fedha ili wajifunze kitu? Tunawahubiria kuinuliwa, nasi ndio tulioshika ngazi.

Kwa hiyo mkesha ujao nitaomba karatasi zetu zijibu maswali mawili. Mwaka huu utajifunza nini katika kazi yako? Na ni nani atakayenufaika ukikijua? Muuza mboga ajifunze kuandika mahesabu ili asimkope mwanawe ada ya shule. Fundi seremala amshike mkono kijana mmoja wa jumuiya yake. Karani ajifunze kumhudumia mzee asiyejua kusoma bila kumfokea. Karatasi hizo nitaziombea kwa moyo wote, na mwezi wa sita nitawarudishia wenyewe waone walipofika.

Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge mbao, afue dhahabu na kukata vito, tena akapewa moyo wa kuwafundisha wengine (Kut. 31:1–5, 35:34). Maandiko hayasemi alipandishwa kuwa nani baadaye. Yanasema hema ilikamilika.