Panda Gari Haikuwa Safari

Chukua maneno mawili ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anayafahamu: panda gari. Dar es Salaam ni maneno ya mzazi anayewaharakisha wanawe kituoni. Mombasa ni maneno ya makanga anayetafuta abiria. Hapa Kampala, yatamke mbele ya mzee aliyekuwa na akili zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha mtazame usoni. Basi halimjii mawazoni. Linalomjia ni lori la jeshi lililosimama njia panda alfajiri, na foleni ya majirani walioshika vichwa.

Vita vya msituni vilipoanza Februari 1981, katika utawala wa pili wa Milton Obote, askari walikuwa wakizingira mtaa mzima, wakawatoa watu majumbani na sokoni, wakawapakia malorini kwenda kuchujwa. Pengine waliletewa mtu aliyefunikwa uso, kazi yake kunyoosha kidole tu. Wenyeji walimwita kompyuta. Wako waliorudi jioni. Wako ambao mama zao waliwasubiri mpaka wao wenyewe wakaingia kaburini. Na mambo hayo yote, lori na foleni na kidole na kusubiri, watu wa Kampala waliyapa jina moja, wakalitia katika Kiluganda na hata katika Kiingereza chao bila kulitafsiri.

Nasema jina hilo lilichaguliwa na watu wenye busara kuu. Serikali ilikuwa na majina yake ya kulipa tukio hili: msako, operesheni, ukaguzi wa usalama. Hayo ni majina yasiyo na mdomo. Panda gari ni amri, na amri ina mwenye kuitoa. Kila anayeitamka anarudia sauti ya askari kwa lugha ya askari, na askari hawezi kuchomoka ndani ya maneno hayo hata miaka 40 baadaye. Mtendaji amefungiwa humo.

Hapa ndipo penye shauri langu kwa wote tunaosema na kufundisha Kiswahili katika mji huu. Mtoto akiangusha kikombe hasemi, "Mama, nimevunja kikombe." Husema, "Mama, kikombe kimevunjika." Hakusema uongo, kwa kuwa kikombe kweli kimevunjika. Lakini ameteua kauli isiyo na mlango wa kuingilia swali. Angesema kimevunjwa, mama angeuliza papo hapo: na nani? Lugha yetu imejaliwa kauli hii, nayo ina kazi yake ya halali: uzi hukatika, chuma hulika, nguo huchakaa. Ubaya ni pale sisi watu wazima tunapoibeba, pamoja na jamaa zake wote, tukaipeleka kwenye mambo yaliyofanywa na mikono ya watu. Vurugu zilizuka. Risasi zilisikika. Soko liliungua. Maisha yalipotea. Sikiliza habari za jioni katika redio yoyote, uhesabu ni matukio mangapi yamejitokea yenyewe kama uyoga.

Katika maneno hayo, lililofanya kazi kubwa kuliko yote Uganda ni kupotea. Mwaka 1974 Idi Amin aliunda tume ya kuchunguza kupotea kwa watu nchini tangu tarehe 25 Januari 1971, siku aliyotwaa madaraka. Tazama jina hilo. Watu waliopotea, kana kwamba walikosea njia wakirudi nyumbani kutoka Nakasero! Jaji Mohamed Saied akawekwa mwenyekiti, na tume ikasikiliza mashahidi 545. Mashahidi hao hawakufuata sarufi waliyopewa. Walikuja na majina, magari na mahali, hata tume ikaandika kwamba mzigo mkubwa wa lawama uko juu ya idara ya ujasusi, State Research Bureau, na kikosi cha polisi cha Public Safety Unit. Neno la mlangoni lilisema wamepotea. Wake na ndugu walioingia walisema wamechukuliwa, na na nani. Nikifikiri ujasiri wa mwanamke aliyebadilisha kitenzi hicho mbele ya tume mwaka 1974, Amin akiwa bado Ikulu, naona haya kwa ulegevu wa maneno yetu ya leo.

Amin mwenyewe alijua sana thamani ya kutaja. Agosti 1972 alipowapa Waasia siku 90 waondoke, tendo lile aliliita Vita vya Uchumi. Ni jina lenye ngoma na bendera. Mtaa ukajibu kwa Kiswahili chake: wale waliogawiwa maduka na nyumba wakaitwa mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atataka kusahihisha, aandike mafuta mengi. Namsihi asiguse. Kosa hilo ni muhuri wa waliolisema, watu ambao Kiswahili kiliwafikia kwa njia ya kambi na soko, wakakigeuza kikawa fimbo ya kuwachapia wakubwa. Jina la Vita vya Uchumi halituambii nani alikula. La mafuta mingi linatuambia, na hata tumbo lake tunaliona. Vivyo hivyo mayumba kumi, mpango wa nyumba kumikumi uliokuja baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, ambao kwa wengi ulimaanisha foleni ya sukari na sabuni.

Najua lawama iliyokaa juu ya lugha hii hapa, wala sitaipita pembeni. Kwa nini panda gari, kwa nini si maneno ya Kiluganda? Kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na raia wengi walikisikia mara ya kwanza kikitoka nyuma ya bunduki. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Nimefurahi. Lakini tukiingia darasani na vitabu vya pwani tu, tukafundisha panda gari kama sentensi ya safari, mtoto akirudi nayo nyumbani atamtonesha babu yake kidonda, na wote wawili hawataelewa kwa nini. Chukua saba saba. Dar es Salaam ni siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, na ni maonyesho ya biashara. Nairobi ni Julai 1990, watu wakipigwa kwa kudai vyama vingi. Kampala na Masaka ni mizinga ya Watanzania iliyokuwa ikinguruma majeshi yao yakikaribia, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mwalimu anayefundisha tarakimu asimame hapo kidogo, awaache wanafunzi wakaulize nyumbani.

Nimesema ya zamani. Sasa niseme ya juzi. Tarehe 10 Agosti 2024, siku ya Jumamosi, jalala la Kiteezi liliporomoka na kufunika nyumba na watu, na zaidi ya 30 walikufa. Jalala limeporomoka: kitenzi hicho tena. Kuna na msemo mwingine tuliopokea kutoka kwa ndugu zetu wa mwambao, nao hutamkwa kila msibani: ajali haina kinga. Kwa mtu aliyepigwa na radi, sawa. Lakini taka za Kampala zilipelekwa Kiteezi tangu mwaka 1996. Zilibebwa na magari, magari yaliendeshwa na watu, watu walitumwa na ofisi, na mlima ukapanda mbele ya macho ya wote mwaka baada ya mwaka. Ilikuwako kinga: kuacha kumwaga. Septemba ya mwaka huo Rais aliwaachisha kazi wakuu watatu wa mamlaka ya jiji baada ya uchunguzi. Basi hata serikali ilikiri kwamba jambo lile lina wenyewe. Kwa nini sisi wasemaji tuendelee kuliacha yatima?

Najua nitajibiwa kwamba kutaja mtendaji kuna hatari. Ni kweli kabisa, na sitamlaumu mama wa mwaka 1982 aliyewaambia majirani mwanangu kapotea ili mtoto aliyebaki asifuatwe. Neno lile lilikuwa ngao yake. Namlaumu mwandishi anayeliokota leo bila hatari yoyote, kwa uvivu. Hata hofu ina namna ya kusema kweli: wakati wa uchaguzi wa 2020 na 2021, zilipoonekana Hiace zisizo na namba zikichukua watu, mtaa uliziita droni. Jina hilo lina shabaha, ingawa kwa fikira zangu ni dhaifu kuliko panda gari, maana linataja chombo na kumsahau aliyeshika usukani. Na pale tusipomjua mtendaji, kama moto uliotafuna soko la Owino zaidi ya mara moja, tuseme hatujamjua aliyewasha, au hatujajua kilichowasha. Sentensi hiyo inabaki na mlango wazi. Moto umezuka imekwisha kuufunga.

Wapo tena watakaoniletea ile ya wahenga, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nami nina ya wahenga hao hao: mficha maradhi kifo humuumbua. Yanayoitwa yaliyopita bado yanakaa mezani nyumba nyingi za Kampala, kiti kimoja kitupu, na hakuna anayekitaja. Tume ya Jaji Arthur Oder, ya kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu, ilianza kuwasikiliza wananchi mwaka 1986 na taarifa yake ikatoka mwaka 1994. Miaka kadhaa ya watu kusimama na kusema fulani alinifanyia hivi. Kazi hiyo haikuwa ya wanasheria peke yao. Ilikuwa pia kazi ya lugha.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nawapa zoezi la ubaoni. Andikeni sentensi mbili. Ya kwanza: Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alipotea mwaka 1972. Ya pili: Tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Amin wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini mwake, wakaondoka naye kwa gari. Zote mbili hazina kosa la sarufi. Kisha waulizeni watoto, katika sentensi ya kwanza, ni nani aliyefanya nini, na muwape muda wa kutosha kumtafuta.