Swali la Kufunga Sandukuni

Juma lililopita jirani yangu, mhadhiri kijana wa kemia, alikuwa akifunga sanduku la safari ya Ulaya, anakokwenda kusomea shahada ya uzamivu kwa fedha za umma, na mama yake, aliyefika kutoka Bahi kumuaga, akawa anachomeka baina ya makoti mapya kifurushi cha mlenda mkavu na kingine cha unga wa uwele, huku akilalamika, kama ilivyo ada yake, kwamba kisima cha kijijini kwao kimezidi chumvi hata chai hainyweki, akanionjesha na maji yenyewe katika chupa aliyokuja nayo njiani. Nilipomwuliza kijana anakwenda kutafiti jambo gani, alinijibu kwa unyofu kwamba mada atapewa na msimamizi wake akishawasili.

Simlaumu, maana ndivyo tulivyozoea. Lakini fedha hizi zina wenyewe. Mradi wa kuendeleza elimu ya juu uitwao HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umetenga sehemu yake kuwasomesha wahadhiri wa vyuo vya umma, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa kimojawapo. Na maadamu mkopo si sadaka, miongoni mwa watakaoulipa yumo mkulima anayeteremsha magunia ya mahindi pale soko la Kibaigwa, ambaye pengine hajapata kuuona mlango wa chuo chochote.

Sisi wa nyanda za kati hatuna haja ya kuhadithiwa jinsi elimu ya kigeni inavyoweza kudhuru au kufaa. Mwaka 1947 Waingereza walishuka Kongwa na matrekta ili walime karanga, na kwa kuwa wataalamu wao hawakuupima sawasawa udongo wala kuzihesabu mvua, ambazo Mgogo yeyote aliyepata kuonja njaa angaliwaambia kuwa hazina ahadi, ardhi ile ya mfinyanzi ilikauka kiangazi ikawa ngumu mithili ya tofali, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kufa na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Kinyume chake ni Makutupora, ambako visima vinavyounywesha mji wa Dodoma vimepimwa kina tangu miaka ya 1950, kazi ya subira isiyopigiwa makofi, hata mwaka 2013 wataalamu wa University College London pamoja na wa Wizara yetu ya Maji wakazisoma kumbukumbu zile na kudhihirisha kwamba hazina ya chini ya ardhi haijazwi na mvua za kila mwaka, bali aghalabu na misimu michache ya mvua za kupindukia, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Swali lilikuwa letu, na daftari za nusu karne zilikuwa zetu.

Hivyo ndivyo ninavyofahamu mimi chuo kuwa cha kimataifa, wala si wingi wa bendera langoni. Chuo cha IIT Madras cha India kimefungua tawi Unguja tangu 2023, nalo ni jambo la heri. Laiti na Chimwaga, ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kimesimama tangu 2007, wageni wangemiminika kujifunza ukame, zabibu na uwele, kama vijana wetu wanavyomiminika kwao.

Rai yangu kwa Wizara ya Elimu, ambayo ofisi zake zipo hapo Mtumba, ni kwamba fomu ya ufadhili iongezwe ukurasa mmoja, mwombaji abainishe kwa Kiswahili ni shida ipi ya wilaya ipi anayokwenda kuitafutia dawa, na chuo kinachompeleka kitaje maabara itakayompokea akirejea, kwani nimewaona waliorudi na ujuzi mkubwa wakakuta vifaa hakuna, wakaishia kupanga ratiba za mitihani.

Jirani yangu aliondoka Jumanne. Chupa ya mamaye, kizibo kimezungushiwa utepe wa gundi, imo sandukuni pamoja na mlenda.