Moto wa sebuleni wahitaji njia ya moshi, si ukuta wa kupendeza tu

MSIMU wa baridi unapobisha hodi mwezi Juni, wakazi wa nyanda za juu za Kenya hawahitaji kukumbushwa watoe nguo nzito makabatini. Kuanzia Limuru hadi Kinangop, na kutoka Molo hadi Kericho, ukungu huchelewa kuondoka asubuhi, na giza la jioni huingia pamoja na baridi inayopenya hadi mifupani. Katika sehemu kadhaa za kaunti za Nyandarua, Nyeri na Kiambu, joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na hali hiyo huendelea hadi Agosti.

Ni katika miezi hiyo mitatu ambapo taarifa za simanzi hurejea katika vyombo vya habari. Jiko la makaa huingizwa chumbani ili watoto wapate joto, mlango na madirisha hufungwa, na asubuhi majirani hubisha hodi pasipo kujibiwa. Maafisa wa serikali hutoa onyo, waombolezaji hutawanyika, na mwaka unaofuata mkasa uo huo hujirudia mahali pengine.

Onyo hilo ni la haki, ila lina upungufu. Huliangazia jiko la makaa peke yake, kana kwamba hatari imo katika umaskini wa chombo na si katika moto wenyewe. Ilhali katika maeneo hayo hayo ya baridi, nyumba za kisasa zinazidi kujengwa zikiwa na meko ya kuni ukutani, sebuleni, kwa ajili ya kuota moto. Mwenye nyumba huamini kuwa ameiacha hatari ya jiko nyuma yake. Ukweli ni kwamba meko yasiyo na dohani iliyojengwa sawasawa hayatofautiani na jiko lililowekwa chumbani, isipokuwa kwa gharama.

Meko ya ukutani si jambo geni nchini. Walowezi wa Kizungu waliotwaa ardhi za nyanda za juu mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga nyumba za mawe zenye dohani ndefu, kama walivyozoea kwao. Nyingi ya nyumba hizo zingalipo hadi leo katika mashamba ya majani chai, shule na hoteli. Kilichobadilika ni kwamba meko sasa yamekuwa pambo. Mwenye nyumba huiona picha kwenye simu, humwonyesha fundi, na fundi hujenga kile kinachoonekana: mdomo wa mawe yaliyochongwa vizuri na rafu ya mbao juu yake. Kisichoonekana katika picha ni njia ya moshi ndani ya ukuta, na humo ndimo usalama wote ulimo.

Adui asiye na harufu

Kuni au makaa yanapoungua kwa hewa isiyotosha, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi. Ikivutwa na mtu, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka mwilini, lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha kuulisha ubongo na moyo.

Dalili zake za kwanza hufanana na za maradhi ya kawaida: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliye macho aweza kudhani ni homa ya baridi. Aliyelala hana nafasi ya kudhani lolote. Ndiyo maana vifo vingi vya aina hii hutokea usiku.

Kuna mambo kadhaa ambayo hayamlindi mtu hata kidogo. Makaa yaliyokolea na kuwa mekundu, yasiyotoa moshi wowote, huendelea kutoa gesi hiyo kwa wingi, hivyo basi kuliwasha jiko nje na kuliingiza ndani moshi ukiisha si kinga. Sufuria ya maji juu ya jiko haiinyonyi gesi. Maziwa hayaiondoi katika damu. Aliyeathiriwa anapaswa kutolewa nje mara moja kwenye hewa safi na kukimbizwa hospitalini ili apewe oksijeni.

Kwa mantiki hiyo, moto wowote ndani ya nyumba wahitaji njia mbili: moja ya kuingizia hewa safi, na nyingine ya kutolea moshi na gesi. Jiko la makaa chumbani halina njia ya pili. Meko ya ukutani huahidi kuwa nayo, na ahadi hiyo hutimizwa na dohani pekee.

Kazi ya mwashi

Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa moto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Inapopanda, huvuta hewa nyingine chumbani na kuupeleka moshi juu. Dohani ikiwa fupi mno, nyembamba mno au yenye kona nyingi, mvuto huo hudhoofika na moshi hurudi sebuleni.

Kwa kawaida, upana wa tundu la dohani huwa takriban sehemu moja kwa kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75, kwa mfano, wahitaji tundu la takriban sentimita 26 kwa 26. Aidha, viwango vinavyofuatwa Marekani huhitaji dohani itokeze juu ya paa kwa angalau sentimita 90, na iwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo umbali wa mita 3 au chini ya hapo. Dohani inayoishia chini ya kilele cha paa huweza kusukumiwa moshi ndani na upepo.

Hapa kuna jambo ambalo michoro ya kigeni haimwelezi mjenzi wa Kenya. Miji kama Limuru na Nyahururu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko Mombasa. Mvuto wa dohani hupungua vilevile. Vipimo vilivyoandaliwa kwa miji iliyo karibu na pwani ya bahari ni kima cha chini tu huku juu, na mara nyingi dohani yapaswa kurefushwa au kupanuliwa.

Hatari ya pili ni moto wenyewe. Mbao za paa na dari zinafaa kuwa umbali wa angalau sentimita 5 kutoka kwa ukuta wa dohani, kwa kuwa mbao inayopashwa joto miaka nenda miaka rudi hukauka kiasi cha kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Rafu ya mbao haifai kuwa karibu na mdomo wa meko kwa chini ya sentimita 15. Mbele ya meko, sakafu ya mawe au saruji inapaswa kutokeza angalau sentimita 40, na sentimita 20 kila upande, ili cheche isiangukie zulia. Ndani, pale moto unapowaka, saruji ya kawaida hupasuka kwa joto. Panahitaji matofali ya kustahimili moto na udongo wake maalumu. Bomba la bati jembamba lililopenyezwa kwenye dari ya mbao si dohani, ni utambi.

Tatizo la hewa nalo limeongezeka kutokana na ujenzi wa kisasa. Nyumba za walowezi zilikuwa na nyufa milangoni na madirishani ambazo, bila kukusudiwa, ziliulisha moto. Nyumba za leo zina madirisha ya vioo yanayofunga kabisa. Moto ukikosa hewa hutoa gesi ya sumu zaidi, na dohani hukosa cha kuvuta. Tundu la hewa karibu na meko, au dirisha lililoachwa wazi kidogo, ni sehemu ya mtambo mzima wala si uzembe.

Mazoea ya kila mwaka

Meko yaliyojengwa vizuri huweza kuharibika kwa kutotunzwa. Moshi wa kuni unapopoa ndani ya dohani huacha masizi, na pamoja nayo utando mweusi unaonata kama lami. Utando huo huwaka. Ukishika moto, joto ndani ya dohani huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, mawe yakapasuka na moto ukafikia mbao za paa. Inashauriwa dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka na kusafishwa utando unapofikia unene wa milimita 3. Mwezi wa Mei, kabla ya baridi kuanza, ndio mwafaka. Mara nyingi mkaguzi atakuta pia viota vya ndege vilivyojengwa wakati meko yalipokuwa yamelala.

Kuni nazo zina sheria zake. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani, hutoa moshi mwingi na kuijaza dohani utando. Zinazofaa ni zile ambazo maji yamepungua hadi chini ya asilimia 20 ya uzito, na hilo huhitaji zipasuliwe na kuanikwa mahali penye hewa, chini ya paa, kwa miezi sita au zaidi. Anayenunua mkaratusi uliokatwa juzi ili auwashe leo anachoma pesa zake na kuichafua dohani yake. Mbao chakavu zenye rangi au dawa ya kuzuia mchwa hazifai kabisa, kwani moshi wake una sumu.

Hata majivu yanahitaji hadhari. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki na moto kwa siku kadhaa. Yazolewe kwa chombo cha chuma chenye kifuniko, yawekwe nje mbali na nyumba, wala yasitiwe katika mfuko wa plastiki au boksi. Moto nao uzimwe kabisa kabla ya watu kwenda kulala. Kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, kinacholia gesi hiyo inapoongezeka, kinafaa kuwekwa karibu na vyumba vya kulala.

Nani awajibike?

Kisheria, Kenya haiko gizani. Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 ilianza kutekelezwa Machi 2025, ikichukua nafasi ya ile ya mwaka 1968 iliyokuwa imepitwa na wakati. Serikali za kaunti ndizo huidhinisha michoro ya majengo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi.

Hata hivyo, kanuni haipandi juu ya paa. Meko mengi huongezwa nyumba ikiwa tayari imekwisha kujengwa, kwa mapatano ya mdomo baina ya mwenye nyumba na fundi, pasipo mchoro wowote kufika afisini. Katika mataifa ya baridi kama Ujerumani, kusafisha na kukagua dohani ni taaluma yenye mafunzo na leseni. Kaunti za nyanda za juu zingeweza kuanzia hapo: vyuo vya kiufundi viwafunze vijana kazi hiyo, na kaunti zidai cheti cha ukaguzi kwa hoteli na nyumba za kukodisha wageni zinazowasha meko. Gharama ni ndogo, na ajira ingepatikana.

Suala la misitu pia haliwezi kupuuzwa. Marufuku ya ukataji miti iliyowekwa mwaka 2018, na tangazo la Rais William Ruto la kuiondoa Julai 2023, yalizua mjadala mkali uliofika hadi mahakamani. Katika meko ya wazi, sehemu kubwa ya joto la kuni hupotea kupitia dohani. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango na bomba lake la moshi, hutumia kuni chache kwa joto lile lile. Anayejenga upya afadhali alifikirie hilo kabla ya kuiga picha.

Mwisho, haki yadai ikumbukwe kwamba wanaokufa zaidi si wenye dohani. Ni wapangaji wa chumba kimoja, ambacho hutumika kupikia na kulalia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Serikali ilipotoza gesi ya kupikia ushuru wa VAT wa asilimia 16 mnamo Julai 2021, iliwasukuma wengi warudi kwenye makaa. Ulipoondolewa mwaka 2023, palikuwa na nafuu. Lakini kwa mpangaji huyo, tundu la hewa juu ya ukuta, ambalo mwenye nyumba aweza kulitoboa kwa siku moja, laweza kuwa na thamani kuliko hotuba kumi za maafisa. Nalo pia si ruhusa ya kulala na jiko ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika dohani, methali hiyo si fumbo. Ufa unaopitisha gesi leo, ukipuuzwa, huenda kesho asiwepo wa kuujenga ukuta.