Kadi mbili kwa skrini tatu: ushauri wa zamani wenye kupotezea watu pesa

Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025, bei ya kumbukumbu za kompyuta imepanda duniani kote, na kadi za grafiki zinafuata nyuma. Viwanda vinavyotengeneza kumbukumbu hizo vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia, ambako mteja analipa zaidi. Desemba 2025, kampuni ya Marekani Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa ambayo iliuzia watu wa kawaida kumbukumbu kwa karibu miaka 30.

Katika hali hiyo, kijana wa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi mwenye kutaka kucheza michezo ya kompyuta kwenye skrini tatu, au mwenye kutaka kufungua chumba cha michezo ya mbio za magari, anaweza kujiambia hivi: badala ya kununua kadi moja mpya kwa bei kali, nitafute mbili za zamani zilizokwisha kutumika, nizifunge pamoja. Ushauri huo ulikuwa na maana miaka 15 iliyopita. Leo mtu akiufuata, pesa zake zinapotea.

Ushauri ulitoka wapi

Wazo la kufunga kadi mbili katika kompyuta moja lilianza mwaka 1998, wakati kampuni ya 3dfx ilipotoa kadi ya Voodoo2. Kadi mbili ziligawana mistari ya picha, kila moja ikichora nusu. Nvidia ilinunua mali ya 3dfx, na mwaka 2004 ikarudisha mbinu hiyo kwa jina lile lile la SLI, ingawa kwa njia tofauti. Mwaka uliofuata ATI, ambayo baadaye ilinunuliwa na AMD, ikajibu kwa CrossFire.

Skrini tatu ziliingia mwaka 2009. AMD ilileta Eyefinity, iliyowezesha kadi moja ya Radeon HD 5870 kuendesha skrini tatu kama vile ni moja pana. Nvidia ilijibu mwaka 2010 kwa mfumo wa Surround, lakini kadi zake za wakati ule hazikuweza kuendesha zaidi ya skrini mbili kwa mara moja. Mteja wake mwenye kutaka skrini tatu alilazimika kununua kadi mbili. Hapo ndipo sentensi ya "skrini tatu, kadi mbili" ilipozaliwa.

Sharti hilo halikudumu. Machi 2012, Nvidia ilitoa GTX 680, na kadi hiyo moja iliweza kuendesha skrini tatu za mchezo pamoja na ya nne ya pembeni. Tangu siku hiyo, hakuna mtu aliyelazimika tena kununua kadi ya pili kwa sababu ya idadi ya skrini. Ilibaki sababu moja tu: nguvu. Na hiyo pia imekwisha.

Kwa nini wenye viwanda waliacha njia hiyo

Kadi mbili hazikuwahi kuwa sawa na nguvu mara mbili. Kwa kawaida zilikuwa zikipokezana: moja inachora picha ya kwanza, nyingine ya pili. Zikikosa kwenda pamoja, picha inakwamakwama machoni hata kama hesabu ya picha kwa sekunde ni kubwa. Tena, kumbukumbu hazikujumlishwa. Kadi mbili zenye GB 8 kila moja zilitoa GB 8 kwa mchezo, si 16, kwa kuwa kila kadi ilibeba nakala yake ya vitu vyote.

Jambo la tatu ni kwamba kila mchezo ulihitaji mipangilio yake maalumu katika programu ya kadi. DirectX 12 ilipotoka mwaka 2015, kazi ya kuendesha kadi nyingi iliwekwa mikononi mwa watengenezaji wa michezo. Wengi wao hawakuona faida ya kufanya kazi hiyo kwa ajili ya wateja wachache. Septemba 2020, Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza tena mipangilio mipya ya SLI kwa kadi zake za RTX 20 na za nyuma yake. Katika kizazi kilichofuata, RTX 3090 bado ilibakiwa na mahali pa kuunganishia. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022, hata hapo palikuwa pameondolewa. AMD nayo ilikuwa imeshaacha kutumia jina la CrossFire tangu 2017.

Nyuma ya uamuzi huo kuna pesa pia. Katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha Januari 2020, Nvidia iliingiza dola bilioni 5.5 kutoka kwa michezo na karibu bilioni 3 kutoka kwa vituo vya data. Miaka 5 baadaye, michezo ilileta bilioni 11.4, na vituo vya data bilioni 115. Mchezaji aliyekuwa mteja wa kwanza sasa anasimama nyuma ya mstari. Kampuni haina sababu ya kulipa wahandisi wake ili kadi mbili za zamani ziendelee kuelewana.

Hesabu ya leo

Kabla ya kununua, mtu ahesabu kwanza pikseli. Skrini moja ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07. Tatu zinafika milioni 6.2, ni kusema robo tatu ya kazi ya skrini moja ya 4K, yenye milioni 8.3. Lakini skrini tatu za 2560 kwa 1440 zinafika milioni 11, kazi kubwa kuliko 4K. Kwa hiyo, aina ya skrini ndiyo inaamua kadi, kuliko idadi yake.

Kwa skrini tatu za 1080, kadi moja ya daraja la kati yenye GB 12 au 16 inatosha kwa michezo mingi. RTX 5060 Ti ya GB 16 ilitangazwa mwaka 2025 kwa dola 429 na inakula wati 180. RX 9070 XT ya AMD, nayo ya GB 16, ilitoka Machi mwaka huo kwa dola 599 na inafika wati 304. Hiyo inaweza kubeba hata skrini za 1440 kama mtu atapunguza kidogo ubora wa picha. Bei hizo ni za kutangazwa Marekani. Usafiri, ushuru na upungufu wa sasa vinaziongeza kabla hazijafika hapa kwetu.

Tuchukue upande wa pili: GTX 1080 Ti mbili za mwaka 2017. Ilikuwa kadi nzuri sana wakati wake, na bado inapatikana mkononi mwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Mbili zinakula wati 500. Katika michezo mipya ambayo haijui SLI, moja inafanya kazi na nyingine inabaki pambo. Kibaya zaidi, Oktoba 2025 Nvidia ilifunga ukurasa wa maboresho ya michezo kwa kizazi hicho. Kinachobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Kadi mbili bado zina nafasi sehemu chache. Wanaofanya kazi za akili bandia au za kutengeneza filamu za 3D wanazitumia, maana programu zao zinajua kugawa kazi. Wapo pia wachezaji wenye kutumia programu ya Lossless Scaling, ambayo inaweza kuipa kadi ya pili kazi ya kuongeza picha za katikati. Hiyo ni njia kwa mtu ambaye tayari ana kadi ya ziada nyumbani. Si sababu ya kwenda kununua nyingine.

Umeme na njia ya mzigo

Kwa msomaji wa mashariki mwa Kongo, umeme ni sehemu ya bei. Chumba cha michezo kikifanya kazi saa 5 kwa siku, kadi mbili za wati 500 zinakula kWh 75 kwa mwezi. Kadi moja ya wati 180 inakula 27. Tofauti ya kWh 48, kwa kila kompyuta, inatoka mfukoni mwa mwenye chumba. Penye jenereta au betri za sola, tofauti hiyo inaweza kula faida yote. Na kadi mbili zinadai kisanduku kikubwa zaidi cha umeme ndani ya kompyuta, ubao mama wenye nafasi mbili za kweli, na hewa ya kupoza.

Halafu kuna njia ya mzigo. Benki za biashara za Goma zilifunga milango Januari 2025, vita ilipofika mjini, na uwanja wa ndege ukafungwa vilevile. Mzigo kutoka Dubai au Guangzhou unapita mikononi mwa watu wengi, na kurudisha kitu kibovu ni karibu haiwezekani. Anayenunua kadi mbili zilizotumika anajiwekea hatari mara mbili.

Madini yetu ndani ya kadi

Kuna upande ambao maduka hayauzungumzii. Bati linaloshikilia vipande juu ya kadi, tantali iliyo ndani ya baadhi ya kapasita zake, tungsteni iliyo ndani ya chipu: yote matatu yanachimbwa pia kwetu. Mwezi wa tatu 2025, mgodi wa Bisie, Walikale, ulisimamisha kazi kwa sababu ya kusonga mbele kwa M23, na bei ya bati duniani ikapanda. Rubaya, iliyo chini ya M23 tangu Aprili 2024, inakadiriwa kutoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa linakusanya huko karibu dola 800,000 kwa mwezi kwa njia ya kodi.

Tangu sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010, kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani, zikiwemo Nvidia na AMD, zinatakiwa kueleza kama madini hayo yanatoka Kongo au nchi jirani. Lakini madini yakishachanganywa kwenye kiwanda cha kuyeyushia, ni vigumu kujua yalitoka shimo gani. Kijana akinunua kadi moja badala ya mbili, hatabadilisha vita ya Masisi. Anachoweza kukataa ni kulipa mara mbili kwa kitu kilichotoka chini ya miguu yake na kumrudia kwa bei ya Marekani.

Kwa mwenye kutaka skrini tatu leo, jibu ni fupi. Nunua kadi moja, yenye GB 12 au zaidi na matundu matatu au manne ya skrini, kisha chomeka skrini zote tatu kwenye kadi hiyo hiyo. Chagua skrini zinazofanana. Kama pesa hazitoshi, anza na skrini moja na kadi nzuri, ongeza nyingine mbili baadaye. Skrini ya leo itafanya kazi na kadi ya kesho. Kadi mbili za jana hazitapata tena mtu wa kuzishughulikia.