Asiadhibiwe Mnunuzi kwa Kosa la Mghushi

Mizani, mashine za kupimia damu, mitambo ya kukatia vyuma na vifaa vya mtandao ni miongoni mwa vyombo ambavyo hata leo husemezana na kompyuta kwa mlango wa siriali, kwa kanuni ya RS-232 iliyowekwa Marekani mwaka 1960. Na madhali kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena mlango huo, hapana budi baina yao upite waya wa kugeuza siriali kuwa USB. Bei ya waya huo ni ndogo, lakini dhima yake ni kubwa, maana kompyuta ikikataa kuutambua, chombo cha thamani kubwa husimama bila kazi.

Aghalabu mwenye waya, akiona alama ya mshangao ya manjano katika orodha ya vifaa ya Windows, hudhani umekufa, akautupa na kununua mwingine. Afadhali angesubiri. Ndani ya waya mna chipu, na kila chipu ina namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya bidhaa, ambazo kompyuta huzisoma mara tu waya unapochomekwa. Akifungua sifa za kifaa hicho katika orodha na kutazama vitambulisho vyake, akaona 0403 na 6001, chipu inajinadi kuwa ya kampuni ya FTDI ya Uskoti. 067B na 2303 ni za Prolific ya Taiwan. 1A86 na 7523 ni za CH340, chipu ya WCH ya China. Mwenye kuzijua namba hizo huifuata draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kusemezana na chipu, kwa mtengenezaji mwenyewe, akasalimika na tovuti zinazogawa draiva pamoja na virusi.

Walakini kuna mahali ambapo maarifa hayo hayamfai mtu kitu, na hapo ndipo penye dhuluma. Chipu za FTDI zimeghushiwa kwa wingi, na mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa draiva, ikaingia katika kompyuta za watu kwa njia ya masasisho ya Windows, ambayo kila ilipokutana na chipu ya kughushi iliibadilisha namba yake ya bidhaa kuwa sifuri. Kwa kuwa namba hiyo huhifadhiwa ndani ya chipu yenyewe, waya uliokuwa ukifanya kazi jana uligeuka mgeni asiyejulikana hata katika kompyuta nyingine. Malalamiko yalipozidi, draiva hiyo iliondolewa. Prolific nayo, katika draiva zake mpya, imezikatia msaada hata chipu halali za aina ya PL2303HXA, na mahali pa jina la kifaa mtumiaji husoma kwamba aina hiyo ilisitishwa tangu 2012, naye awasiliane na aliyemwuzia. Muuzaji gani huyo, ikiwa waya ulinunuliwa sokoni Kariakoo, katika duka ambalo mwenyewe hajui chipu iliyofichwa ndani ya plastiki?

Sikatai kwamba kughushi ni wizi, wala kwamba mwenye kubuni kitu anastahiki kulinda jasho lake. Lakini insafu yataka adhabu imfuate mghushi, si fundi wala mtaalamu wa maabara aliyelipa fedha zake kwa nia safi, asiye na jicho la kupenya plastiki. Kukataa kuitumikia chipu ya kughushi ni haki ya kampuni. Kuiharibu mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine, bila ya idhini yake wala hukumu ya kadhi yeyote, si haki ya mtu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Watengenezaji wazihifadhi draiva zao za zamani katika tovuti zao, zipatikane bure, muda wote ambao nyaya zao zingali zikitumika. Wauzaji waandike jina la chipu juu ya pakiti, kama vile dawa huandikwa kilichomo. Na serikali zetu, zinaponunua vyombo vya hospitali na vyuo, zitie katika masharti ya zabuni kwamba chombo kije pamoja na waya wake na draiva yake, na kwamba muuzaji atawajibika iwapo sasisho lolote litaukatilia mbali. Mnunuzi aliyelipa kwa uaminifu amekwishatimiza wajibu wake. Uliobaki ni wa hao waliopokea fedha yake.