Mogambo Maana Yake Nini?

Swali la 17 ndilo lililotuangusha. Ulikuwa usiku wa chemshabongo katika mkahawa mmoja wa Dar es Salaam. Mada ilikuwa filamu za zamani za Hollywood, meza 6, maswali 20, na zawadi ni chakula cha jioni cha watu wanne. Mpaka hapo meza yetu ilikuwa inaongoza kwa pointi moja. Mshereheshaji akavuta kadi, akasoma: "Filamu ya Mogambo, mwaka 1953, mwongozaji John Ford. Neno Mogambo kwa Kiswahili lina maana gani?"

Ukumbi ukacheka. Tulikuwa watu zaidi ya 20 mle ndani, karibu wote tumelelewa kwa Kiswahili, na hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo nje ya filamu. Meza ya jirani wakaandika "askari wa jiji", wakijua wanatania, kwa sababu neno la karibu tulilonalo ni mgambo, yule anayewakimbiza wamachinga na kuondoka na meza zao. Sisi tukaandika kwamba neno hilo halipo.

Kadi ilisema: mapenzi makali.

"Kaka, hicho si Kiswahili," dada mmoja wa meza yetu akasema.

"Dada yangu, mimi nasoma kilichoandikwa. Jibu sahihi ni la kwenye kadi."

Meza iliyopata pointi ilikuwa na kijana aliyewahi kulisoma jibu hilo mahali fulani mtandaoni. Alipata kwa sababu alisoma. Sisi tulikosa kwa sababu tunakijua Kiswahili. Wakashinda, wakapiga picha, tukapeana mikono, tukaenda nyumbani.

Sina kinyongo cha chakula. Ninacho cha ile kadi, na nimekaa nacho wiki kadhaa mpaka nikaona bora nikiandike. Usiku ule niliona kwa macho yangu watu wazima wakiambiwa na kikaratasi maana ya neno la lugha yao wenyewe, na baada ya dakika moja ya kulalamika wote tukageukia swali la 18. Mimi pia niligeuka. Swali la 18 nililijua, nikafurahi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na chemshabongo za sinema ulipo. Zinajiita kipimo cha ujuzi, lakini zinachopima ni kama umeshakubali kutazama kutoka kwenye kiti walichokupangia. Ukikaa pale, unajua kila kitu. Ukihama kiti kidogo, unakosa pointi.

Chukua hiyo hiyo Mogambo. Maswali ya kawaida ni haya: nani waliigiza? Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Ni marudio ya filamu gani? Red Dust ya mwaka 1932, ambayo Gable huyo huyo aliigiza nafasi ile ile miaka 21 kabla. Mpenzi wa sinema hulitoa jibu hili kwa fahari, nami nimewahi kulitoa hivyo. Lakini simama hapo kidogo. Red Dust ilitokea kwenye shamba la mpira huko Indochina. Mogambo ikahamishiwa Afrika Mashariki. Hadithi ile ile, mwanamume yule yule, wanawake wawili wanaomgombea, na nchi ikabadilishwa kama pazia la dirishani. Kama mahali pangekuwa na uzito wowote katika hadithi, pasingebadilishika kirahisi hivyo.

Na mahali penyewe palikuwa na mambo mazito. Kenya ilitangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952. Wapigapicha wa Mogambo walikuwa Kenya katika miezi hiyo hiyo. Watu walikuwa wanakamatwa na kufungwa, na kamera zikaelekezwa kwa sokwe na kwa Grace Kelly. Sijawahi kuona swali la chemshabongo lenye tarehe hiyo.

Miaka 9 baadaye neno hatari likapanda lenyewe kwenye bango. Hatari! ya Howard Hawks ilitoka mwaka 1962, John Wayne akiwa kiongozi wa kundi la kukamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama. Ilipigwa Tanganyika, kaskazini huko Arusha, na safari hii angalau neno ni letu kweli. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo nchi iliyopigwa picha ilikuwa bado chini ya utawala wa kigeni, ikihesabu miezi, na nchi iliyokuwapo filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema ilikuwa huru. Kwenye filamu huoni dalili. Maswali huuliza nani alitunga muziki wa watoto wa tembo. Ni Henry Mancini, na ni muziki mzuri, hata mimi huuimba nikiosha vyombo. Ila naomba tuulizane na hili: kati ya watu wote wa Arusha wanaoonekana wakifunga kamba na kubeba vizimba, unamkumbuka mmoja kwa jina?

Nataka nikae zaidi kwenye The African Queen, kwa sababu hii naipenda. Ni ya mwaka 1951, mwongozaji ni John Huston, na ndiyo iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani hapa kwetu. Wanajeshi wanafika kwenye misheni, wanachoma kijiji, wanawaswaga wanakijiji na kuondoka nao. Baada ya hapo Bogart na Katharine Hepburn wanapanda mashua, na filamu inakuwa yao wawili. Wale wanakijiji hatuelezwi walikoishia.

Lakini sisi tunajua walikoishia watu kama wao. Vita ile pande zote mbili zilipigana kwa mabega ya wapagazi, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, maradhi na mizigo. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ililigeuza jina hilo, na leo tunapanda daladala kwenda kununua vitenge ndani yake: Kariakoo. Wakenya nao wana Kariokor yao Nairobi. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza za filamu ile zinaishia sokoni kwetu.

Na meli je? Meli ya Wajerumani inayowindwa kwenye hadithi ile ilitokana na Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiwaachie adui. Waingereza wakaiopoa, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Muulize mtu wa Kigoma kuhusu Liemba, atakueleza nani wa ukoo wake aliipanda, na gunia la dagaa lilikaa upande gani. Mtu huyo akiingia kwenye chemshabongo atapata sifuri. Mimi nasema mtu huyo anaijua The African Queen kutoka upande ambao kadi haikuufikiria.

Isidhaniwe kwamba nadai Afrika peke yake. Gone with the Wind ya mwaka 1939 ilipata tuzo ngapi za Oscar? Nane za kushindaniwa, kumi ukijumlisha mbili za heshima, na watu hugombana kuhusu hilo mpaka usiku wa manane. Moja ya zile nane ni ya Hattie McDaniel, Mweusi wa kwanza kushinda. Filamu ilipozinduliwa Atlanta hakuhudhuria, kwa sababu sheria za ubaguzi za Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Usiku wa tuzo, Februari 1940, hoteli ilikuwa haipokei watu weusi, ikabidi aombewe ruhusa, akapangiwa meza ndogo ukutani, mbali na waigizaji wenzake. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea. Nyingine ilitolewa badala yake mwaka 2023. Mimi idadi ya tuzo niliijua tangu nikiwa sekondari. Ile meza ya ukutani niliijua nikiwa na miaka 26. Nilijiona mjuzi kwa miaka yote hiyo ya katikati, na hakuna chemshabongo iliyonisuta.

Wapo watakaosema: huu ni mchezo tu, kaka, usituharibie jioni. Ndiyo, ni mchezo, na ndiyo maana hatubishani nao. Darasani mwalimu akikosea utanyoosha mkono. Kwenye mchezo unacheka, unameza, na kilichomezwa kwa kicheko hakitoki.

Wengine watasema filamu zile ni za wakati wake. Nakubali kabisa. Mogambo ni ya mwaka 1953. Lakini ile kadi imechapwa juzi.

Wala sisemi tuache Hollywood, au kwamba maswali madogo ni ya kijinga. Swali dogo zuri lipo. Singin' in the Rain ya mwaka 1952 inahusu mwigizaji nyota mwenye sauti mbaya anayeazima sauti ya msichana asiyejulikana, na msichana yule anachezwa na Debbie Reynolds. Sasa uliza: katika wimbo anaoonekana Reynolds akimwimbia yule nyota, sauti tunayoisikia ni ya nani? Ni ya Betty Noyes, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Filamu inayolaani wizi wa sauti ilifanya jambo lile lile nyuma ya pazia. Ukilijua jibu hilo lazima urudi kuitazama upya. Hicho ndicho ninachokidai kwenye swali: linirudishe kwenye filamu, lisinipe ruhusa ya kuiacha.

Na sisi tunaujua mchezo wa namna hiyo tangu utotoni. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, aliyetega anasema nipe mji, unampa mji, anautembelea kwa maneno, halafu analazimika kukupa jibu. Na jibu lile kila mtu barazani analipima kwa macho yake mwenyewe. Likiwa halina mantiki, hata mtoto atakataa, na mtegaji ataaibika. Hakuna kadi.

Hollywood imeshapewa miji. Imepewa Arusha, imepewa mbuga za Kenya, mito ya Kongo na maporomoko ya Uganda. Imetembea humo vya kutosha. Kwa mchezo tunaoujua sisi, sasa ni zamu yake kutoa majibu, na ni haki yetu kuyakataa yasipokuwa ya kweli.

Mwezi ujao nimeomba niandike maswali mimi. Mwenye mkahawa amekubali, ila ameniomba yasiwe magumu. La kwanza tayari ninalo: Mogambo kwa Kiswahili maana yake nini? Atakayeandika "halipo" anapata pointi. Atakayeandika "askari wa jiji" nitampa nusu.