HD ya kwenye kava tu

Kava la DVD ya harusi iliyotengenezwa katika studio za mitaani Bariadi, mkoani Simiyu, mara nyingi hubeba picha ya maharusi, namba ya simu ya fundi na herufi mbili kubwa: HD. Maharusi ni wenyewe, na namba ukiipiga inapokelewa. Zile herufi mbili ndizo zenye walakini.

DVD ya kawaida, ile ya kutumbukiza kwenye deki na kubonyeza kitufe, haiwezi kubeba HD hata ichomwe na fundi hodari kiasi gani. Mfumo wa DVD uliingia sokoni Japani mwaka 1996, na kanuni zake zinaruhusu picha isiyozidi pikseli 720 kwa 576. Kamera iliyozunguka ukumbini, au simu iliyotumika badala yake, ilipiga kwa HD, yaani pikseli 1920 kwa 1080. Hesabu yake ni fupi: kila fremu iliyonaswa ilikuwa na pikseli 2,073,600, na iliyofika kwenye deki ina 414,720. Mteja amelipia tano akapewa moja.

Hilo peke yake lingeweza kuvumilika, kwa sababu DVD ina kazi yake. Kisichovumilika ni kinachofuata. Diski ikishakabidhiwa, picha halisi zenye ubora wote hufutwa ili memori kadi itumike Jumamosi inayofuata, na mwenye harusi haambiwi. Anabaki na nakala hafifu akiamini ndiyo yenyewe.

Mafundi wana sababu zao, na ziko kwenye hesabu. Kamera inayorekodi megabiti 24 kwa sekunde hula gigabaiti 10.8 kwa saa. Siku ya harusi yenye ibada kanisani, msafara, chakula na ukumbi huweza kutoa saa sita za picha, yaani karibu gigabaiti 65. Memori kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla siku haijaisha. Fundi mwenye kadi mbili na laptop moja ya zamani hana pa kuzihifadhi, basi hubana saa sita ziwe mbili, huchoma DVD, hufuta na kusonga mbele.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa dunia imeshaachana na diski. Kwingine ni kweli. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta nchini Marekani, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Sony ilitangaza Januari 2025 kwamba inaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Ila Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, hauendi kwa kalenda ya Marekani. Kijijini Itilima au Meatu, runinga yenye deki na sabufa bado ni burudani ya ukoo mzima. DVD haihitaji bando, haidai nywila, na bibi anaweza kuiweka mwenyewe bila kumsubiri mjukuu mwenye simu. Inaazimwa, inarudishwa, inaazimwa tena. Kwa matumizi hayo diski haijafa, na hakuna sababu ya kumnyang'anya mtu deki yake.

Kinachotakiwa ni kuacha kuifanya diski hiyo kuwa ghala pekee.

Njia ya kuchoma HD yenyewe ikachezwa kwenye diski ipo, tena miaka mingi. Mwaka 2006 Blu-ray iliingia sokoni ikiwa na nafasi ya gigabaiti 25, dhidi ya 4.7 za DVD ya tabaka moja. Mwaka huohuo Sony na Panasonic walileta mfumo wa AVCHD, unaoweza kuandikwa hata kwenye DVD ya kawaida. Kwa megabiti 17 kwa sekunde, diski hiyo hubeba dakika kama 37 za picha safi. Tatizo ni kwamba yote mawili hutaka deki ya Blu-ray, na ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Bariadi au Maswa, zilizopangwa rafuni ni deki za DVD. Fundi anayeahidi HD kwenye diski ya deki hizo anaahidi kisichowezekana.

Anachoweza kufanya ni kuichukulia diski kama chombo cha kubebea faili. Filamu ya harusi ya saa mbili, ikihifadhiwa kwa mfumo wa H.264 kwa megabiti 8 kwa sekunde, huwa na gigabaiti 7.2 na hubaki HD kamili. Ikikatwa vipande viwili, kanisani na ukumbini, kila kimoja kina gigabaiti 3.6. Kipande hicho kinaingia kwenye DVD tupu ileile ya siku zote, mradi kichomwe kama data. Deki haitakisoma, lakini kompyuta itakisoma. Vipande hivyohivyo vikiwekwa kwenye flashi vitachezwa kwenye runinga nyingi zenye tundu la USB. Kukata vipande kuna faida nyingine: flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Wateja wengi wameambiwa flashi zao ni mbovu, kumbe faili ndilo lililokuwa kubwa mno.

Kwa hiyo mkono wa fundi unaweza kutoa vitu vitatu kwa kazi ileile: DVD ya deki kwa wazazi, flashi kwa maharusi wenye runinga mpya, na diski mbili za data za kuweka kabatini. Gharama inayoongezeka ni ya diski mbili na saa za kompyuta kufanya kazi usiku. Kwa upande wake, diski ngumu ya terabaiti moja hubeba filamu zaidi ya 130 za ukubwa huo. Ukigawanya bei yake kwa harusi 130, kisingizio cha nafasi kinapungua sana.

Kuna madhara mengine yanayotokea kwenye meza ya kuchomea ambayo lawama zake huenda kwa kamera. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde. DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania, inataka 25. Programu ikiachwa ifanye itakavyo, hutupa fremu tano kila sekunde, na mwendo unaanza kushtuka-shtuka. Kwenye hotuba ya mshenga hakuna atakayeona. Kwenye bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ambako mchezaji anazungusha jembe na kulirusha kwa mdundo wa ngoma, jembe linaruka kutoka bega hadi goti bila kupita katikati. Dawa yake si kununua kamera mpya. Ni kuipanga kamera ipige fremu 25 tangu mwanzo, au kuchoma kwa mfumo wa NTSC, ambao deki nyingi zinausoma.

Mfano wa bugobogobo haukuja kwa bahati. Harusi ni mali ya familia, ila kamera hizohizo ndizo zinazonasa ngoma za Wasukuma. Ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi yao mawili ya ngoma, una zaidi ya karne moja, na kila msimu huzaa nyimbo mpya, mizungu mipya na mavazi mapya. Katika mikusanyiko ya namna hiyo, kuanzia uwanja wa kijiji hadi viwanja vya Nyakabindi vilivyobeba sherehe za Nane Nane kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, mafundi wa kawaida ndio wanaotunza kumbukumbu, wapende wasipende. Hakuna mtafiti anayefika kila mahali.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akarekodi muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwamo. Rekodi hizo bado zinasikika leo, kwa sababu aliziweka mahali penye utaratibu, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Huko Bujora, Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada alisimamia ujenzi wa makumbusho ya Wasukuma, na ngoma na majembe ya wachezaji vikapata paa. Ngoma iliyochezwa Bariadi miaka kumi iliyopita mbele ya kamera za HD inaweza isipatikane popote isipokuwa kwenye DVD yenye mikwaruzo. Vifaa vimekuwa bora mara elfu, kumbukumbu ikawa nyepesi kuliko ya 1950.

Tena DVD ya kuchoma si chombo cha kukaa milele. Picha zake zimo kwenye utando wa rangi ya kemikali, na rangi hiyo hudhoofika kwa joto, unyevu na mwanga. Diski iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari au kando ya dirisha linalopigwa na jua la mchana inaweza kugoma kusomeka baada ya miaka michache. Flashi nayo hupotea, huungua, hufutwa na mtoto. Ndiyo maana watunza kumbukumbu husisitiza nakala zaidi ya moja, kwenye vyombo vya aina tofauti, mahali tofauti.

Serikali imewahi kuitazama diski kwa makini, lakini kwa jicho jingine. Mwaka 2013 ulianza utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata utaratibu. Hoja za kodi na wizi wa kazi ni halali. Lakini katika miaka yote hiyo diski imejadiliwa kama bidhaa ya kutozwa au kukamatwa, na karibu hakuna aliyeuliza picha halisi zinaishia wapi filamu ikishauzwa.

Swali hilo linaweza kujibiwa bila sheria mpya. Mwenye harusi, kabla ya kutoa malipo ya awali, aandikiane na fundi mambo mawili: atapewa faili la HD pamoja na DVD, na picha halisi hazitafutwa mpaka amethibitisha kwamba nakala zake zinafunguka. Fundi aache kuandika HD kwenye kava la DVD ya deki. Aandike kwenye flashi, ambako ni kweli. Na halmashauri za Simiyu zina maofisa utamaduni. Kila mmoja apewe diski ngumu mbili, moja ikae ofisini na nyingine ihifadhiwe nje ya wilaya, kisha aombe kwa mafundi nakala za ngoma walizopiga, kwa makubaliano yanayolinda haki za wachezaji na za aliyepiga picha.

Pamba ikishavunwa na fedha kuingia mikononi, majembe ya bugobogobo hutoka tena na kamera hufuata. Diski ngumu hizo zinunuliwe kabla ya hapo, kwa sababu kadi zilizotumika msimu uliopita nyingi zimeshafutwa.